Kikohozi cha usiku wa pili: kisa cha familia moja pembeni mwa Kahuzi-Biega

Kisa hiki kilitokea mwezi wa saba 2023, katikati ya likizo kubwa, kwenye kambi ndogo ya wanakijiji pembeni mwa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, kama kilomita 30 kutoka mji wa Bukavu. Mimi ni mmoja wa wanaoiendesha kambi hiyo. Nakiandika chote, pamoja na sehemu yangu mimi, kwa sababu familia zinazotaka kuja hunipigia simu na kuniuliza swali lile lile: "Mtoto ana mafua kidogo tu, tuje?" Jibu langu halitoshi kwenye simu.

Wageni walikuwa sita. Baba, mfanyabiashara wa vitambaa Kadutu, mjini Bukavu. Mama, mwalimu wa shule ya msingi. Dada mkubwa wa mama, ambaye kambi nzima ilimwita Mama Mkubwa. Na watoto watatu: mvulana wa miaka 16, msichana wa 12, na mdogo wao wa 9. Safari ilikuwa zawadi ya mvulana. Tangu Pasaka baba alikuwa amemwahidi kwamba akifaulu vizuri atamwona gorila kwa macho yake, na alikuwa amefaulu. Walilipa usiku nne kwetu, kuanzia Jumatano, pamoja na vibali vinne vya kwenda kwa gorila siku ya Ijumaa. Wale wadogo wawili hawakuwa na kibali, kwa kuwa aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafikia gorila. Hilo lilikuwa limezungumzwa nyumbani mpaka machozi yakaisha.

Anayekuja kwetu anapita Mudaka, anafika Miti, halafu anaiacha barabara ya uwanja wa ndege wa Kavumu na kupanda kushoto, njia ya Bunyakiri. Wakati wa kiangazi njia hiyo ni vumbi tupu. Lori likikutangulia unafika ukiwa na nyusi nyekundu na koo limekauka. Nalitaja vumbi mapema kwa sababu litarudi.

Kambi yenyewe ni nyumba tano za mbao, jiko, na kitalu cha miche. Tuko juu ya mita 2,000, kwa hiyo usiku ni baridi ya blanketi mbili. Asubuhi mbega wanakaa kwenye miti ya mpakani wakiota jua, kima wanapita nyuma ya jiko, na nyani wanasubiri watu wainame ili waingie kwenye viazi. Watoto wa mjini hufurahi sana mpaka wanasahau kula. Lakini watu wengi wanakuja kwa ajili ya aliye ndani zaidi: gorila wa Grauer, mkubwa kuliko gorila wengine wote, asiyeishi popote duniani ila mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kama 17,000. Makadirio yaliyotolewa 2021 yalikuwa 6,800. Vita, uwindaji na machimbo ya madini ya koltani ndivyo vilivyowamaliza. Waliobaki, kila familia yao moja ni kitu kikubwa.

Sasa usiku wa pili.

Familia ililala nyumba moja yenye vyumba viwili na mlango wa pazia katikati. Mbao za kuta zetu hazizuii sauti. Saa nane usiku nilisikia kikohozi. Hakikuwa cha kukwaruza cha mtu aliyekula vumbi, kilitoka chini kifuani, chenye maji, mara tatu mfululizo, kikatulia, kikaanza tena. Nikasikia sauti ya mama ikisema polepole, "Kunywa hii, lala." Kisha kimya.

Saa kumi na moja niliamka kuwasha moto. Nilikuwa na nafasi ya kugonga mlango na kuuliza. Sikugonga. Nilifikiria vibali vinne vilivyolipwa, chakula kilichonunuliwa Mudaka, ahadi ya tangu Pasaka. Nilijiambia kwamba kuuliza si kazi yangu, kwamba wataulizwa mbele. Nikaweka maji ya chai.

Asubuhi mama alimpa mvulana kijiko cha sirapu ya kikohozi na pipi mbili za minti za kuweka mfukoni. Mahali pa kuanzia, kiongozi wa safari aliwapanga na kuwaeleza taratibu. Kundi lisizidi watu 8. Ukifika kwao, saa moja tu. Barakoa usoni muda wote, na umbali wa mita 7 kwa aliyevaa barakoa, au 10 ikiwezekana. Ukisikia chafya inakuja, geuka, fukia uso kwenye kiwiko. Ukibanwa na haja kubwa, shimo lichimbwe sentimita 30 na lifukiwe. Kisha akamtazama kila mmoja na kumuuliza: homa? mafua? kikohozi? tumbo? Wanne wote walijibu wako wazima. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, hatua tatu kutoka kwa mvulana, na nilinyamaza kwa mara ya pili.

Yaliyotokea njiani nimesimuliwa na wanne wao na kiongozi, na maneno yao yanakubaliana. Waliingia kwenye mianzi, wakavuka kijito, wakaanza kupanda. Baada ya dakika 40 hivi mvulana alishusha barakoa ili apate pumzi, akakohoa mara mbili akijizuia, mara ya tatu ikamshinda. Kiongozi akainua mkono, wote wakasimama. Hakumuuliza baba, alimgeukia mvulana mwenyewe.

"Mudogo wangu, ilianza lini?"

Mvulana alimtazama mama yake kwanza. "Jana."

Baba akaingilia. "Ni vumbi tu, papa. Vumbi ya njia. Sisi wote tunakohola."

Kiongozi akamjibu bila kupandisha sauti: "Inaweza kuwa vumbi. Mimi sijui, na wewe hujui. Lakini ikiwa si vumbi, wale kule mbele hawana hospitali."

Mvulana alirudishwa na mmoja wa wafuata nyayo, wale wanaowatafuta gorila msituni, na baba akaamua kurudi naye. Mama alitaka kurudi pia, baba akamwambia, "Endelea, angalau wawili waone." Mama na Mama Mkubwa wakaendelea. Weka sentensi hiyo akilini. Nitairudia.

Hoja ya vumbi naichukua kwa uzito, kwa sababu baba hakuwa anasema uongo. Kiangazi, watu wengi wanaofika kwetu wanakohoa siku ya kwanza. Mtu mmoja mlimani, bila kipimo chochote, hawezi kutofautisha koo lililokauka na kirusi. Swali basi ni hili: ukikosea, unakosea upande gani? Ukimrudisha mwenye vumbi, kijana mmoja analia siku moja. Ukimpeleka mwenye kirusi, hasara yake imeshaonekana mahali pengine. Mwaka 2013 huko Kanyawara, ndani ya msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe walianza kukohoa. Kundi lilikuwa na sokwe 56, wakafa 5, na kilichowaua kilikuwa rainovirusi C, kirusi kinachowapa watoto wetu mafua ya kawaida. Nchini Rwanda, mwaka 2009, gorila wa mlimani wa familia moja walipata ugonjwa wa njia ya hewa, wakafa jike mmoja na mtoto mchanga, na ndani yao kikakutwa kirusi cha binadamu. Miili ya sokwe na gorila inafanana sana na yetu, kwa hiyo wanapokea karibu kila kinachotupata puani na kifuani. Ila sisi tumekua navyo tangu utoto, wao hapana.

Hapo ndipo unaelewa ule umri wa miaka 15, ambao wazazi wengi wanadhani ni kuogopa mtoto atapiga kelele au atakimbia. Watoto wanabeba mafua kuliko watu wazima, na mara nyingi wanayabeba wakiwa wanacheza vizuri tu. Mtoto wa miaka 9 anayeruka kamba anaweza kuwa na hatari zaidi kwa gorila kuliko mzee mwenye mkongojo.

Na wale wadogo wawili, je? Siku yao nataka kuieleza, kwa sababu familia nyingi zinafikiri aliyebaki kambini amepoteza safari. Asubuhi walikwenda na kina mama kulinda viazi. Kazi ni hii: unakaa kwenye kichuguu na debe kuukuu na kijiti, unatazama ukingo wa msitu, na ukiona nyani wa kwanza anatokeza kichwa, unapiga. Msichana aligundua mwenyewe kwamba nyani wanamtuma mmoja upande wa kushoto ili watu wageuke, halafu wengine wanaingia kulia. Alilieleza jambo hilo mezani jioni kama jenerali, akipanga vijiko. Mdogo wake alikuta kinyonga kwenye uzio wa kitalu. Alikaa naye karibu saa moja, uso wake sentimita chache kutoka kwake, akitazama jicho moja likienda mbele na lingine likibaki nyuma, na jinsi mguu ulivyotikisika hewani mara tatu, nne, kabla ya kushika kijiti. Aliniuliza, "Anasitasita juu ya nini?" Sikuwa na jibu zuri. Kisha akamwona akirusha ulimi kwa nzi, na kelele aliyopiga ilileta watu kutoka jikoni.

Mvulana alirudi saa tano. Alikaa kibarazani amejifunika blanketi, bila kusema na mtu. Homa ilimpanda mchana.

Jioni baba alikuja kwetu na hoja, na hoja zake zilikuwa nzuri. Alisema: watoto wa kijiji hiki wanakohoa kila siku, wanaingia kukata kuni na kuchota maji mpakani, nani anawauliza? Alisema: sisi wa Bukavu tumelipa kwa jasho, mnatufukuza kwa ajili ya nyama wa porini, kama mlivyowafukuza Batwa.

Nilimwambia kwamba hoja ya kwanza ni ya kweli. Kikohozi cha mwanakijiji hakina tofauti na cha mgeni. Ndiyo maana wanaowafuata gorila kila siku wanapaswa kubaki nyumbani wakiugua, na ndiyo maana maji safi na chanjo za vijijini pembeni mwa msitu ni ulinzi wa gorila pia. Mambo hayo hayajakamilika, na si haki kujifanya yamekamilika. Lakini mtoto anayekata kuni mpakani hakai saa moja mbele ya familia ya gorila iliyozoeshwa kutokimbia watu. Gorila hawa wamefundishwa kutuamini tangu mapema miaka ya 1970, na uaminifu huo ndio unaowaweka karibu na pumzi zetu.

Hoja ya pili sikuijibu mimi. Alikuwepo mzee wa Kitwa, mmoja wa hao Batwa, anayefanya kazi nasi kwenye kitalu. Aliondolewa msituni akiwa mtoto, Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975, pamoja na watu wake wote, bila fidia. Yeye hana haja ya kusikia habari hizo kwa mtu. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, akasema: "Mimi walinitoa bila kuniuliza. Wewe uliulizwa. Ukasema muko wazima."

Baba alinyamaza. Mama Mkubwa, aliyekuwa anamenya viazi, akasema bila kuinua kichwa, "Mficha ugonjwa, kilio humuumbua," na wote tulijua anamwambia dada yake zaidi kuliko shemeji yake. Ndipo mama akaeleza habari ya sirapu na pipi. Alisema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Kama mngeniambia tunaweza kuhamisha tarehe, ningesema jana."

Nikaona sina budi. Nikawaambia kwamba nami nilisikia usiku, saa nane, na sikugonga. Baba alinitazama kwa muda. "Kumbe ulisikia." Hasira yake ilikuwa ya haki, na niliipokea.

Tatizo lenyewe liko hapa. Kila mtu katika kisa hiki alijua kitu na kila mtu alikuwa na sababu ya fedha ya kukificha. Mama alikuwa na kibali ambacho, kadiri alivyojua, kikipita siku kimekufa. Mimi nilikuwa na chakula kilichonunuliwa. Ukimwambia mtu kwamba ukweli utamgharimu mshahara wa mwezi na uongo utamgharimu kijiko cha sirapu, usishangae akichukua kijiko. Maonyo yanayosomwa mahali pa kuanzia, hata yakisomwa vizuri namna gani, yanafika baada ya fedha kutoka mfukoni na mtoto kuvaa viatu vya mlimani.

Kuna jambo la pili, na kwangu ni zito zaidi. Rudia ile sentensi ya "angalau wawili waone". Mvulana alirudishwa, lakini mama aliyempa dawa usiku, aliyelala chumba kimoja naye, alienda mpaka kwa gorila. Kiongozi alimuuliza kila mtu habari zake mwenyewe, na mlimani huwezi kufanya zaidi. Hakujua wamelalaje. Mimi nilijua. Mafua yanapitia wanaokula sahani moja, na mtu anaweza kuyapitisha siku moja kabla hajahisi lolote kooni.

Mama aliwaona. Walikaa umbali wa mita 10, barakoa usoni, na alisimulia saa ile kwa sauti ya chini kama mtu aliyetoka kanisani: dume kubwa lenye mgongo mweupe limelala kifudifudi na kuwapa kisogo, jike linavuta mimea inayotambaa, mtoto anapanda tumbo la mama yake na kuteleza. Kisha akaeleza jambo moja dogo. Mfuata nyayo alikuwa amekata majani machache kwa panga ili njia ionekane, akayasukuma kando kwa mkono. Walipokuwa wanarudi nyuma, yule mtoto wa gorila alishuka, akafika pale, akaokota jani lile lile na kulitia mdomoni. Mama alisema, "Hapo nikakumbuka mikono yangu."

Jumamosi jioni koo lake lilianza kuwasha. Jumapili asubuhi, mizigo ikipakiwa, alinivuta pembeni na kuniambia, sauti imeshakauka. Kusema vile hakukuwa na faida yoyote kwake. Angeweza kuondoka kimya na nisingejua kamwe. Nilipeleka habari siku ile ile kwa wafuata nyayo. Kwa siku 14 walipokuwa wanawapitia gorila asubuhi walisimama wakisikiliza: nani anakohoa, nani ana kamasi puani, nani amebaki nyuma ya wenzake, nani hataki kula. Hawakusikia kikohozi. Siku hizo 14 sikulala vizuri.

Kambi ilikaa kikao mwezi uliofuata. Fedha za vibali haziko mikononi mwetu, na hatukuweza kumrudishia baba alichopoteza. Tuliipa familia usiku mbili bila malipo, siku yoyote watakayotaka. Kwa wageni wanaokuja, tulibadili mambo matatu. Anayeweka nafasi anaambiwa siku ile ile, kabla ya kutuma franga, kwamba familia inahesabiwa kama mtu mmoja: akikohoa mmoja kati ya wanaolala pamoja, hakuna anayekwenda kwa gorila. Siku mbili kabla ya safari tunapiga simu na kuuliza habari za nyumba nzima, hata mtoto asiye na kibali, hata yaya. Na malazi yetu yanahamishwa bila faini kwa sababu ya ugonjwa, bila kudai karatasi ya daktari. Kibali tunashauri kinunuliwe baada ya simu hiyo ikiwa nafasi zipo.

Mwenzetu mmoja alipinga. Alisema watu watatumia ugonjwa kama kisingizio na nyumba zitabaki tupu. Ni kweli tumekaa na nyumba tupu mara kadhaa. Mimi nasema bora nyumba tupu, na bado nasema.

Mwezi wa kumi na mbili baba alipiga simu mwenyewe, siku tatu kabla ya tarehe waliyokuwa wamepanga kurudi. Alisema mdogo anapiga chafya tangu jana, hawaji Ijumaa, tuwaandikie ile Ijumaa nyingine. Nyuma yake nilisikia sauti ya mvulana, nzito kuliko ya kiangazi: "Umwambie mimi niko muzima!"

"Hata mwezi wa saba ulisema vile," baba akamjibu, na akanisubiri nitafute kalamu.